Émerence Ahesabu Miaka ya Dunia

Kila asubuhi Émerence alihesabu. Alihesabu ndoo alizoteka bombani, alihesabu vikombe alivyosuuza, na akiwa njiani kwenda shule alihesabu mataruma ya reli, hata rafiki yake Bitota akalazimika kumvuta kwa mkoba ili wasichelewe. Watoto wengine huenda shule wakiimba. Yeye alikwenda akijumlisha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita katika shule moja ya parokia mjini Kamina, na hapakuwa na mtu wa kumshinda katika hesabu. Kwa bahati mbaya, jambo hilo alilijua vizuri mno.

Mtu mmoja tu nyumbani hakujali hesabu zake. Huyo alikuwa bibi yake mzaa baba, Nkambo Mwila. Nkambo alisonga bukari bila kupima unga, na bukari ikatosha watu wote. Ukimwuliza amelima matuta mangapi, alijibu, "Mingi." Ukimwuliza mangapi yamebaki, alijibu vilevile.

"Nkambo, uko na miaka ngapi?" Émerence alimwuliza Jumatatu moja, akingoja chai ipoe.

"Kadi inasema nilizaliwa elfu moja mia tisa hamsini."

"Basi uko na sabini na tano."

"Kama kadi inasema vile," Nkambo akajibu, akimsukumia kikombe. "Kunywa chai. Bitota anakuita pale inje."

Siku hiyo mwalimu wao, Maître Malachie, aliingia darasani akiwa na habari. Wiki moja baadaye ingekuwa Siku ya Wazazi. Kila wanafunzi wawili wangechagua swali moja kubwa, walitafutie jibu, kisha waandike kila kitu kwenye kartoni na kukieleza mbele ya wazazi. Wawili watakaofanya vizuri kuliko wote wangepanda treni pamoja naye hadi Bukama, na kutoka hapo wangefika Katoto, mahali ambapo wataalamu walichimba makaburi ya kale wakakuta vyungu vya watu walioishi kando ya Lualaba mamia ya miaka iliyopita.

Moyo wa Émerence uliruka. Alikuwa amehesabu treni tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alijua idadi ya mabehewa yaliyopita tangu Januari. Lakini ndani ya treni hakuwahi kukanyaga hata siku moja.

"Musikilize vizuri," Maître Malachie alisema, akigonga ubao kwa chaki. "Nataka kuona swali, nataka kuona mulitafuta namna gani, na nataka kuona jibu. Na pale mutakwama, muandike: hapa hatujui. Hakuna haya."

Maneno hayo ya mwisho Émerence hakuyasikia sawasawa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa juu tayari.

"Maître, minyi na Bitota tutajibu: dunia iko na miaka ngapi!"

Darasa zima likageuka. Nyuma, Jérémy akaangua kicheko. Jérémy alikuwa na kaka anayesoma Lubumbashi, na kaka huyo alikuwa akimtumia kila aina ya elimu kwa simu.

"Yaya yangu anasema iko na miliari ine na nusu," alisema, yaani miaka bilioni nne na nusu. "Utaihesabu na vidole?"

"Nitaihesabu na Biblia," Émerence akajibu. "Mule mwote kuko miaka. Fulani aliishi miaka hii, akazaa fulani. Ni kujumlisha tu!"

Maître Malachie alimtazama kwa muda kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu. Kisha akatabasamu na kuandika swali lao kwenye daftari lake.

Walifanyia kazi nyumbani kwa kina Bitota, kwa sababu Biblia nzuri ilikuwa huko. Ilikuwa ya Papa Mbiya, baba yake Bitota, mfanyabiashara na mzee wa kanisa, mtu mwenye asili ya Kasai. Jalada lake la ngozi lilikuwa limechanika pembeni. Wakati watu wa Kasai, familia yao ikiwamo, walipofukuzwa huku Katanga, mwaka 1992 na 1993, babu yake Bitota aliondoka na mtoto mmoja mkononi na Biblia hiyo kwapani. Vingine vyote vilibaki, na waliporudi hawakuvikuta. Kwa hiyo Papa Mbiya aliwakabidhi kitabu hicho kwa mikono miwili, akawaambia waoshe ya kwao kwanza.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Bitota alisoma, Émerence akaandika. Adamu alikuwa na miaka mia moja na thelathini alipomzaa Sethi. Sethi alikuwa na mia moja na tano alipomzaa Enoshi. Waliendelea hivyo hadi gharika ya Nuhu, wakapata miaka elfu moja mia sita hamsini na sita. Émerence alihakikisha mara tatu, na mara zote tatu jumla ikawa ileile. Alijisikia kama amekamata mkia wa dunia nzima.

Siku ya pili walimfikia Abrahamu, wakashuka Misri na Yakobo, wakatoka na Musa. Siku ya tatu walifika kwenye hekalu la Sulemani. Jumla: elfu tatu mia moja arobaini na nane. Hapo ndipo njia ilipoharibika.

Wafalme waliwatesa. Kulikuwa na wafalme wa Yuda na wafalme wa Israeli, wote wakitawala kwa wakati mmoja, na miaka ya huku haikukubali kulingana na miaka ya kule. Halafu watu wakapelekwa uhamishoni, na kutoka hapo hadi Yesu kuzaliwa hawakuona mahali palipoandikwa miaka yote ni mingapi. Walitafuta Alhamisi nzima hadi mama yake Bitota akawaita kula.

"Kuko kitu ingine," Bitota alisema Ijumaa, kidole chake kikiwa kwenye ukurasa. "Angalia. Matayo anasema Yoramu alizaa Uzia. Lakini mu kitabu cha Wafalme, katikati ya Yoramu na Uzia kuko wafalme batatu. Ahazia, Yoashi, Amazia. Matayo amebaruka."

"Umesoma mubaya."

"Nimesoma mara ine!"

"Basi acha. Itatuchelewesha."

Kwa kweli Émerence aliogopa. Ikiwa majina matatu yanaweza kukosekana mahali pamoja, huenda mengine yamekosekana kwingine, na jumla zake zote nzuri zingekuwa zimejengwa juu ya mchanga. Siku ya Wazazi ilikuwa Jumatatu. Na Jumamosi, siku moja tu mbele, familia yake ilikuwa na shughuli. Alifumba macho na kufikiri juu ya treni.

Sokoni kulikuwa na mhubiri mwenye kipaza sauti ambaye kila wiki alitangaza kwamba dunia ina miaka elfu sita kamili. Elfu sita! Namba safi, isiyo na mabaki. Émerence alichukua elfu sita, akatoa ile elfu tatu mia moja arobaini na nane, akatoa elfu mbili ishirini na tano za kuanzia Yesu hadi leo. Ilibaki mia nane ishirini na saba. Akachora kisanduku kwenye kartoni, akaandika ndani yake: "Tangu hekalu hadi Yesu, miaka 827." Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, akaandika 6000 kubwa kama mlango.

"Mia nane ishirini na saba inatoka wapi?" Bitota aliuliza.

"Inatoka ku hesabu."

"Hesabu gani? Umeanza na jibu, ukarudi nyuma! Hii si kutafuta, Émerence. Hii ni kuziba tundu."

"Nani atajua?"

"Minyi najua," Bitota alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, maana naye alitamani treni. "Usiandike jina yangu pale. Na ukisema imetoka mu Biblia ya baba yangu, nitakataa mbele ya bantu bote."

Émerence alikunja kartoni lake, akaenda nalo nyumbani bila kuaga. Siku hiyo alivuka reli na hakuhesabu taruma hata moja.

Jumamosi ilikuwa siku ya kujitambulisha. Chrispin, kaka yake mkubwa, alikuwa amepata mchumba, na familia ilikwenda kwa wazazi wa msichana ili kusema sisi ni nani na tunataka nini. Kwa siku kama hiyo hakuna mzaha. Nkambo Mwila alivaa kitenge chake kipya, akafunga kilemba mpaka nyusi zikapanda juu. Kutoka Kabondo-Dianda alikuja Papa Kalenga, binamu wa baba, kwa pikipiki, akiwa na vumbi hadi masikioni na furushi la samaki wakavu wa Lualaba.

Watu walipokwisha kuketi na kusalimiana, Nkambo alisimama. Kutaja ukoo ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Kabamba njo alikuya hapa akajenga. Kabamba alizaa Monga. Monga alizaa Mulumba. Mulumba alizaa minyi, Mwila. Na minyi nilizaa baba ya huyu kijana Chrispin. Njo sisi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Émerence, aliyeketi mkekani na kalamu mkononi, aliandika kwenye kiganja chake: watu watano, kila mmoja miaka ishirini na mitano, jumla mia moja ishirini na mitano. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo, haukumwomba ruhusa.

Upande wa pili mjomba wa msichana, mzee mwenye kofia ya manyoya, aliinua kidole. "Tumesikia, Mama. Lakini Kabamba yupi? Kule kwetu ku Lualaba ba Kabamba beko bengi."

Papa Kalenga akasimama, akajipangusa vumbi. "Kabamba mwenye alivuka muto na muke yake na mbuzi mbili. Kabamba uyo alizaa Banza. Banza alizaa Umba. Umba alizaa Kyungu. Kyungu alizaa Monga. Monga alizaa Mulumba, na Mulumba alizaa Mama Mwila munamuona hapa."

Émerence alikikodolea macho kiganja chake. Watu wanane, ukimjumlisha baba! Miaka mia mbili! Na kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umeshaondoka.

"Nkambo amekosa!" alipaza sauti. "Ameruka batatu! Banza, Umba na Kyungu, hakubataja!"

Mama yake alifunika uso kwa kanga. Chrispin alimtazama dada yake kwa macho ambayo hayahitaji kuelezwa. Maana ukikosea kutaja ukoo mbele ya wakwe, watu wanaweza kuuliza kama kweli mnajuana, na kama hamjuani, msichana wao mnampeleka wapi? Émerence alitamani sakafu ipasuke immeze pamoja na kalamu yake.

Lakini Nkambo hakukasirika. Alianza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani, mpaka kilemba kikalegea.

"Weye mutoto," alisema, "nani alikuambia minyi nilikuwa nahesabu miaka? Hawa bantu banataka kujua sisi ni ba nani. Nilitaja Kabamba, njo alijenga. Nilitaja Monga, njo alikaribisha bantu hata siku ya njaa. Nilitaja Mulumba, baba yangu. Banza, Umba na Kyungu nabajua bote, beko baba zetu, lakini leo habakuwa na kazi. Monga ni damu ya Kabamba. Kwetu tunasema alizaa Monga, na hakuna mwenye anakosa."

"Kwetu pia njo vile," mzee mwenye kofia alisema, akipiga paja. "Minyi nikitaja bote, chakula itapoa. Kalenga amenionyesha Kabamba yupi, Mama amenionyesha beko bantu ba namna gani. Bote beko sawa." Akamgeukia Émerence. "Lakini huyu mwenye kuhesabu, mutupatie na yeye. Tuko na mbuzi mingi hatujui idadi."

Watu wakacheka kwa furaha kubwa, vigelegele vikarudi, na chakula kikaletwa kabla hakijapoa. Mchumba wa Chrispin mwenyewe alimletea Émerence kipande kikubwa cha samaki. Yeye alikila akiangalia kiganja chake. Majina matatu. Na Bitota naye alikuwa ameona majina matatu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani alasiri, alimshika Nkambo mkono wakabaki nyuma ya wengine. Alimweleza yote: treni, wafalme, mia nane ishirini na saba, na Bitota aliyelia.

Nkambo alisikiliza hadi mwisho, akitembea polepole.

"Unakumbuka kadi yangu?" aliuliza. "Ile siku ya kuandikisha bantu, karani aliniuliza mwaka nilizaliwa. Nikamuambia, sijui, mama alisema ilikuwa wakati wa kuvuna karanga. Akasema, Mama, iko kisanduku hapa, haiwezi kubakia bila kitu. Akaniangalia uso, akaandika elfu moja mia tisa hamsini. Tangu siku ile kila muntu anasema uko na miaka fulani, kwa sababu kadi inasema. Kadi inasema nini? Inasema karani alikuwa na haraka."

"Sasa kweli uko na miaka ngapi?"

"Mingi," Nkambo akajibu, wakacheka wote wawili.

Hata hivyo usiku huo Émerence hakupata usingizi mzuri, kwa sababu alijua alipotakiwa kwenda. Jumapili baada ya misa alikwenda hadi kwa kina Bitota, akiwa na kartoni lake chini ya mkono. Alimkuta rafiki yake akichambua majani ya muhogo ya kupika sombe mlangoni.

"Ulisema kweli," Émerence alisema kwa pumzi moja ili asije akaghairi. "Minyi niliziba tundu na namba yangu. Na Matayo aliruka majina, kama Nkambo yangu. Nakuomba musamaha. Unisaidie, au tukose treni pamoja."

Bitota aliendelea kuchambua majani mawili, matatu, ili aonekane bado ana hasira. Kisha akasogea, akampa nafasi kwenye kibao.

"Leta ile kalamu nyekundu," alisema.

Siku ya Wazazi uwanja wa shule ulijaa hadi ukutani. Mbele waliketi wazee wa kamati, na katikati yao Papa Mbiya, shati lake limenyooshwa kama karatasi. Jérémy na mwenzake walieleza kwa nini maji ya kisima yanapaswa kuchemshwa, wakaonyesha chupa mbili, wakapigiwa makofi mengi. Halafu wakaitwa wasichana wawili.

Kartoni lao lilikuwa la ajabu kidogo kutazama. Kulikuwa na safu ya namba, Adamu, Nuhu, Abrahamu, zikashuka vizuri hadi hekaluni. Hapo palikuwa na kisanduku kilichobandikwa karatasi nyeupe, na juu yake: HAPA HATUJUI. Ile 6000 kubwa ilikuwa imekatwa kwa mstari.

Émerence aliona vizuri kwamba kuelezea kushindwa kwako mbele ya watu mia tatu si njia nzuri ya kupanda treni. Lakini alianza, na Bitota alimsaidia. Walieleza walivyojumlisha. Walieleza wafalme. Walisoma Matayo, wakasoma Wafalme, wakaonyesha majina matatu. Kisha Émerence akaonyesha kile kisanduku.

"Ijumaa nilikuwa nimeandika pale mia nane ishirini na saba," alisema. "Sikuiona mu Biblia. Niliitunga minyi mwenyewe ili tufike ku elfu sita. Bitota alikataa. Kwa hiyo jibu letu ni hili: Biblia haikutuambia dunia iko na miaka ngapi. Bantu banaopima mawe banasema miliari ine na nusu. Sisi hatukupima mawe. Tunataka kubauliza banapima namna gani."

Papa Mbiya alisimama taratibu. Bitota alishika mkono wa rafiki yake kwa nguvu.

"Binti zangu," Papa Mbiya alisema, na sauti yake haikuwa na tabasamu. "Kile kitabu baba yangu alikibeba wakati hakuweza kubeba hata sufuria. Munataka kusema mbele ya bantu kwamba kitabu ile iko na uongo?"

Émerence aliona kilemba cha Nkambo katikati ya akina mama.

"Hapana, Papa," alisema. "Jumamosi Nkambo yangu alitaja ukoo, akaruka baba batatu. Hakusema uongo. Alikuwa anaeleza sisi ni ba nani, na bale bantu balitukubali. Minyi njo nilikosa, kwa sababu nilichukua majina yake nikafanya hesabu ya miaka. Na mu Biblia nilifanya vilevile. Kitabu kilikuwa kinanieleza sisi ni ba nani na tunatoka ku Mungu gani. Minyi nikawa nakiuliza miaka. Uongo ulikuwa mu kisanduku yangu, haukuwa mu kitabu yenu."

Papa Mbiya alibaki amesimama. Kisha akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Mule ndani, ku ukurasa wa kwanza," alisema polepole, "baba aliandika majina ya watoto wake. Mimi ni wa ine. Hakuandika miaka. Nilimuuliza sababu. Alinijibu, miaka nimesahau, watoto sijasahau." Akaketi. "Muendelee. Mumesema muzuri."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Nkambo Mwila, na uwanja mzima ukapokea.

Maître Malachie alingoja kelele zitulie. Alitembea hadi kwenye kartoni na kuweka kidole chake juu ya kile kisanduku cheupe.

"Nilipokuwa mwanafunzi kama hawa," alisema, "nilijaribu hesabu hiihii. Nami nilikwama palepale, kwa wafalme. Na mimi nilitia namba yangu, nikapewa alama nzuri, na sikumwambia mtu hadi leo. Kwa hiyo najua kisanduku hiki kinagharimu nini." Akawageukia wanafunzi. "Watoto, musikilize vizuri. Kila kitabu kina kazi yake. Ukitaka kujua uishi vipi na wewe ni wa nani, soma Maandiko. Ukitaka kujua umri wa mawe, yapime mawe. Ukilazimisha kitabu kikujibu swali lisilo lake, utaweka jibu lako mwenyewe kinywani mwake, halafu utasema kimesema hicho. Na popote mnapokwama, shuleni au katika maisha, semeni wazi kwamba hamjui. Anayesema hivyo kesho anaweza kufundishwa. Aliyeziba tundu kwa uongo hawezi, kwa sababu anadhani amemaliza."

Kisha akatangaza watakaosafiri kwenda Bukama. Bitota alipiga kelele kabla jina lake halijamalizika kutajwa. Jérémy alipiga makofi kwa moyo wote, ingawa hakukosa kusema kwamba miliari ine na nusu aliitaja yeye kwanza.

Jioni hiyo Émerence alikuja nyumbani na karatasi ya ruhusa ya safari. Nkambo ndiye aliyekuwapo, basi ndiye atakayetia sahihi kama mlezi. Émerence alijaza jina lake, akajaza jina la bibi yake, akafika kwenye kisanduku: mwaka wa kuzaliwa wa mlezi. Mkono wake, ule mkono uliozoea, ulikwenda wenyewe ukaandika moja na tisa.

Akasimama. Aliinua macho. Nkambo alikuwa akisonga bukari, hapimi unga, hamtazami.

Émerence alikata zile tarakimu mbili, na ndani ya kisanduku, kwa herufi ndogo ili zienee, akaandika: hapa hatujui.

"Umemaliza?" Nkambo aliuliza.

"Ndiyo, Nkambo."

"Leta tusaini, basi. Na kesho unipimie unga weye mwenyewe, nione kama hesabu yako itashibisha bantu."